Landrova ya Marehemu Haikatwi

Jumamosi. Ukungu umelala bondeni tangu alfajiri, na mimi nimeamka na hasira. Hasira nzuri, ile ya kufanyia kazi. Ninasema mimi, mjukuu anaandika kwenye simu. Shule sikuiona hata mlango, lakini mdomo ninao.

Mwanangu Hamza amepatana na mnunuzi wa vyuma chakavu. Kesho waje kuikata Landrova ya marehemu baba yake. Asubuhi kaja, hata shikamoo yake ilikuwa ya haraka. "Mama, injini imekufa. Kuku wanataga humo."

Nikamjibu kwa Kishambaa, maana kwa Kiswahili maneno yale hayakolei. Wewe ulizaliwa kiti cha nyuma cha gari hili, kwenye kona ya Kwai, mvua ikipiga. Nani anauza kitanda alichozaliwa?

Hamza akasema, "Haya, liwake basi. Likiwaka leo, mnunuzi haji."

Hakujua. Wiki nzima fundi Mbaruku amekuwa akija hapa kimyakimya. Injini ilikuwa imeshikana. Akaimwagia oili kwenye matundu ya plagi, akaiacha inywe. Akatoa kiota cha panya, akasafisha kabureta, akatia petroli mpya. Jana ikazunguka. Starta tu ndiyo imeoza.

Huku kwetu milimani, starta ni mteremko. Bandani gari limetazama kilimani, kwa hiyo gari lingeshuka kinyumenyume, fundi kashika usukani, kaweka gia ya rivasi. Nikaita kwa sauti ya msaragambo, ile ya kuitana kazi ya pamoja. Wakaja majirani, wanawake watupu, khanga zimekazwa viunoni. Tukasukuma.

Halikutikisika.

Tukasukuma tena. Mama Rehema akasema, "Bibi, mumeo kalishikilia huyo, hataki!" Wakacheka. Mimi nilitaka kulia. Nikamsema marehemu moyoni: umeniachia mashamba, watoto na ukaidi wako, sasa hata na hili?

Kandambili yangu ikakatika. Nilipoinama nikaliona.

Jiwe.

Breki za gari hili hazikuwahi kushika vizuri. Kila marehemu akiegesha, aliweka jiwe nyuma ya tairi. Hili aliliweka mwenyewe, safari yake ya mwisho, kabla hajaugua. Nyasi zikalifunika. Kumbe Mama Rehema hakukosea sana.

Nililing'oa kwa jembe, peke yangu. Sikumruhusu mtu aliguse.

Gari likateremka. Fundi akaachia klachi, likakohoa, likatema moshi mweusi na manyoya ya kuku, kisha likanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Tukapiga vigelegele. Hamza akasogea karibu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale, kama anayempima mtoto homa.

Halafu akatoa simu, akampigia mnunuzi. "Usije, mzee. Mama amekataa."

Si mama tu. Hata gari limekataa.

Jioni tumeliegesha limetazama bondeni. Hamza akainama kuchukua lile jiwe, nikampiga mkono. Nimeliweka mimi.

Kukicha nitalitoa mwenyewe. Kuna kabichi za kupeleka sokoni.