Ndoo Zangu na Homa ya Emilia

Shule ya Msingi Maloa,
Kisiwa cha Maloa.
Jumanne, 18 Februari 2025

Mpendwa shangazi Evelina,

Shikamoo. Mbukwa, na mbukwa tena kwa wote wa hapo nyumbani Bahi. Mguu unaendeleaje, ule uliojikata kwa jembe? Bado unaukanda kwa maji ya moto, au umeshaacha kwa kuwa umeona nafuu kidogo? Nakujua wewe. Na mvua je? Mara ya mwisho Nikodemo aliniandikia kwamba mpunga umeanza kuwa njano kwenye majaruba kwa kukosa maji. Naomba Mungu ziwe zimenyesha.

Mimi mwili ni mzima, ila moyo sina. Simu hazishiki hapa tangu upepo uangushe mnara, na hata zingeshika nisingeweza kukwambia haya kwa mdomo. Ningelia tu mpaka salio liishe. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Uliniuliza naishije. Maisha ya kujitolea si mabaya kama ulivyohofia. Nafundisha hisabati darasa la tano na la sita, na jioni nashona sare za wanafunzi, maana walishagundua kwamba cherehani naijua. Nakaa chumba cha uani kwa mama mmoja anaitwa Cecilia. Mume wake, Sila, analima magimbi na minazi. Wana binti wa miaka sita, Emilia, na mwingine mchanga, wa mgongoni. Tunakula magimbi, mashelisheli na samaki. Ugali nimeusahau, na mlenda usinitajie kabisa.

Lugha yao bado hainiingii. Kiingereza wanakijua walimu, na Cecilia kidogo. Lakini Emilia hana habari na lugha, anakaa nami uani kutwa nzima akinisemesha, mimi namjibu Kiswahili, tunaelewana. Nimemfundisha kuhesabu. Alijifunzia kwenye ndoo zangu, moja mpaka kumi na saba.

Ndiyo, ndoo kumi na saba, shangazi. Usicheke. Huku mvua inanyesha kila siku. Kila siku! Maji yanamwagika kutoka kwenye bati kama yamefunguliwa, yanakwenda zake, na hakuna anayegeuza hata shingo. Mimi niliyekua nikichimba mchanga korongoni kwa bakuli, nikingoja maji yachuruzike mpaka mgongo unakufa ganzi, ningeyatazama tu? Wiki ya kwanza nilinunua ndoo mbili. Baadaye nikaokota makopo ya rangi, nikakata madumu, nikapanga yote nyuma ya nyumba chini ya bati. Wa nyumbani wakaniita mama ndoo. Nikawaambia subirini kiangazi, mtakuja kuniomba.

Kwetu maji hayapati muda wa kukaa kwenye ndoo, kesho yake yameisha. Huku natumia ndoo moja na mvua inaijaza hapo hapo. Zile kumi na sita zikakaa wiki, zikakaa mwezi. Mifuniko sikuwa nayo. Nikaviona viluwiluwi vikichezacheza ndani, wala sikushtuka. Si tulikuwa tunavichuja kwa kitenge tukanywa? Sikulaumu, shangazi, nakueleza tu akili yangu ilivyokuwa.

Na nisiseme sikuambiwa. Kabla hatujaja tulifanyiwa semina ya siku tatu. Daftari ninalo hapa mezani, mwandiko ni wangu: maji yaliyotuama, mbu wa mchana, homa ya dengue. Niliandika, nikafunga daftari. Mbu niliyemjua mimi ni wa malaria, anayeuma usiku, kwa hiyo nikamnunulia Emilia chandarua. Usiku analala kwenye chandarua changu, mchana anacheza kwenye ndoo zangu. Jamani!

Jumatatu ya wiki iliyopita aliamka na homa. Macho yakamuuma, viungo vikamuuma, akawa hataki kushikwa. Alhamisi homa ikashuka. Sote tukashangilia, Sila akaimba kabisa. Jioni yake fizi zikaanza kutoka damu, mikono ikawa ya baridi, tumbo akalishika analia kwa sauti ndogo ndogo. Nesi wa zahanati akasema apelekwe hospitali ya kisiwa kikubwa upesi. Ijumaa alfajiri ikapatikana boti ya mfanyabiashara, Sila akaondoka naye. Ni safari ya saa kumi na nne. Tangu hapo hatujasikia neno.

Jumamosi bwana afya akaja. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akachota kwa upawa mweupe, akatazama, akatikisa kichwa. Akazimwaga zote. Akaongea na Cecilia kwa lugha yao, muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Shangazi, sina la kufanya. Nilikwenda zahanati nikasema nitoeni damu mumpelekee. Nesi akanishika bega tu, vifaa vya kutolea hawana, na boti ilishaondoka. Nikauliza usafiri wa kumfuata, hakuna kabla ya meli ya Ijumaa hii, nayo nafasi zimekwisha. Darasani naandika saba mara nane ni hamsini na nne na watoto wananisahihisha. Nikirudi nasugua ndoo ambazo hazina kitu. Na kila jioni Cecilia ananiletea sahani ya magimbi, ananiambia kula, umekonda.

Jana nilishindwa. Nikamfuata jikoni nikamwambia kila kitu: ndoo zilikuwa zangu, niliviona viluwiluwi, na nilifundishwa nikapuuza. Alikuwa anamenya magimbi. Hakuacha kumenya. Akasema anajua, bwana afya alimwambia siku ile ile. Na alipomuuliza ndoo ni za nani, yeye alijibu ni zake.

Kumbe huku wana utaratibu wao. Aliyefuga mbu mpaka mtu akaugua anasimamishwa kanisani, anatajwa mbele ya watu, mzee wa kanisa anamkemea. Jumapili Cecilia alisimamishwa. Nilimwona kwa macho yangu, kichwa chini, mtoto mgongoni, yule mzee anasema na watu wanaguna. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Sikuelewa hata neno moja, nikadhani wanamwombea kwa ajili ya Emilia. Shangazi, mzee alipomaliza, nikasema amina. Kwa sauti ya kusikika.

Nikamuuliza kwa nini alifanya vile. Akasema, "Mimi mama yangu na dada zangu wako mule kanisani. Wewe ungesimama na nani?" Akasukuma sufuria motoni.

Nikamwambia Jumapili hii nasimama mwenyewe nawaambia ukweli. Akakataa. Akasema asisikie habari ya ndoo mpaka kwanza asikie habari ya mwanawe, kichwa chake hakina nafasi ya vitu viwili. Basi hata kutubu nimezuiwa, shangazi. Ningependa anipige. Ningependa anitukane kwa lugha yao yote nisiyoijua. Lakini ananipakulia chakula.

Nisalimie babu Zablon, mwambie nafuu ya macho yake naiombea. Nisalimie Anna na wanawe, na Nikodemo, asiache kukukumbusha ule mguu. Na mkikusanyika kanisani mtajeni Emilia kwa jina lake, msiseme tu mtoto wa huko ng'ambo. Mungu akuwekee afya, akupe mvua ya kutosha shamba lako na isizidi.

Neno la mwisho. Barua hii inaletwa na Damas, kijana wa Kibakwe ambaye alikuwa anafundisha useremala hapa, muda wake umekwisha. Nimemwomba asiiache kwa mtu, akupe mkononi. Meli ya Ijumaa itamfikisha kisiwa kikubwa, na kabla ya kupanda ndege atapita hospitali kumwona Emilia. Meli hiyo haitarudi huku mpaka baada ya wiki mbili, kwa hiyo mimi na Cecilia tutakuwa bado tunakaa jikoni hatujui. Yeye atakuwa anajua. Unaposoma hapa atakuwa amekaa mbele yako. Mpe kwanza maji anywe, shangazi, kisha muulize.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Ruthu