Milioni Moja na Moja Inagawanyika

Kwako Mwalimu, uliyekuwa mchumba wangu,

Neno mpendwa nimeliacha makusudi. Nasikia huko mtaani Jamhuri unawaambia watu kwamba nilivunja harusi kwa sababu ya rangi ya kadi. Rangi! Kumbe mpaka leo hujaweza kulitamka lile jambo. Basi nitalitamka mimi, na wote wasome.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipitia Kenyatta Market, unakaa kwenye benchi la saluni huku nasuka? Siku moja ulichukua kalamu ukaniandikia kiganjani: 1,000,001. "Hii ni yetu," ulisema. "Hakuna namba inaweza kuigawanya, ila moja na hiyo yenyewe." Ukanionyesha. Gawa kwa tatu, inabaki mbili. Kwa saba, mbili. Kumi na moja, mbili. Kumi na tatu, bado mbili. "Hao wawili ni mimi na wewe." Wee, nililainika! Kiganja sikukiosha mpaka jioni.

Lakini kugawa ndiyo kazi yangu. Nagawa vichwa vya watu kutwa nzima, na nywele zikibaki najua. Siku nyingine nilimaliza mteja, nikahesabu misuko mia moja na moja, nikasema hebu nijaribu na hiyo. Ikaingia mara 9,901. Haikubaki kitu. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, maana mwalimu wa hesabu ni wewe, mimi msusi tu.

Nilikuambia tulipokwenda River Road kuchapisha kadi, kwa kuwa ulitaka namba hiyo juu kabisa, na chini yake "Haigawanyiki". Nilikuambia sikioni, nisikuaibishe. Ukacheka kwa sauti, duka zima lisikie. "Sikia huyu! Endelea na nywele, mama." Fundi wa kuchapa, maskini, akatoa kalkuleta yake, akabonyeza, akakuna kichwa.

"Mwalimu, huyu dada ako sawa. Mia moja na moja inaingia."

"Wewe chapa vile nimeandika."

Akazichapa zote. Ulikuwa radhi kuwatumia jamaa zetu uongo, mradi tu usikubali kwamba msusi amepata. Nikayaona maisha yangu yote pale kaunta: mimi niko sahihi, na wewe unasema chapa. Nikatoka nje peke yangu.

Nakuchukia kwa hilo. Na ninachukia zaidi kwamba namba yenyewe ilikuwa tamu, tena tamu kuliko ulivyoijua. Chukua 9,901 mara mia, ongeza 9,901 moja tu, milioni inatimia na moja juu. Ungetulia kidogo tu, tungeifurahia pamoja.

Kadi moja ninayo; fundi alinipa nikitoka, ameandika hesabu nyuma yake. Nimeibandika kwenye kioo cha saluni, na anayeuliza namweleza.

Siku ile ungesema tu, "Nimekosea, mpenzi." Ningeolewa nawe kwa kadi za rangi yoyote.

Usinijibu.

Aliyekuwa mchumba wako,
msusi