Mustari Mwekundu kwenye Mulango

Jumanne, tarehe 9, mwezi wa tisa

Nimeosha gari, nimelikausha. Vidoa vipya kumi na kitu kwenye boneti, vyote vya kokoto za barabara ya Kabimba. Bwana yangu, Papa Feza, anabeba abiria huko kila siku, na kila juma mimi naziba. Baba yangu alikuwa mupiga rangi wa magari kule Moba, kazi hii nilijifunza kwake. Tone moja la rangi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Unaacha likauke. Unaongeza lingine. Ukiharakisha, linavimba. Nimemaliza saa kumi. Mugongo unauma.

Alhamisi, 11

Papa Feza amerudi mapema, bila abiria. Mulango wa kulia umebonyea kidogo na una mukwaruzo murefu kuliko mukono wangu.

"Mawe tu, Mama Feza. Utengeneze leo leo."

Hakula.

Jiwe linachimba tundu. Halichori mustari. Na ndani ya mukwaruzo kulikuwa na rangi nyekundu isiyo yetu. Niliiona. Nikalowesha musasa, nikasugua mpaka ikaisha. Sikuuliza.

Ijumaa, 12

Masitiki niliyojazia pale palipobonyea imekauka. Nimeisugua ikawa sawa, nimepaka rangi ya kuzuia kutu. Mulango sasa una kiraka cha kijivu. Papa Feza anasimama nyuma yangu, anauliza itakauka lini. Hajawahi kuuliza hivyo. Nina hasira bila sababu. Hapana. Sababu ninayo, sitaki kuiangalia.

Jumapili, 14

Kanisani wametangaza: tumuombee muuza makala ya kupikia aliyegongwa Alhamisi njiani Kabimba. Alikuwa anasukuma kinga, baiskeli yake, na magunia matatu. Gari halikusimama. Wamama waliotoka shambani njo walimukuta, jua limeshashuka. Papa Feza aliinamisha kichwa, akafumba macho kama wengine wote.

Nyumbani nimemuuliza kinga ile ilikuwa ya rangi gani. Alifunga mulango wa nyumba kwanza:

"Nilisimama, Mama Feza. Nilimuona anasogeza mukono. Niliogopa watu wataniua pale pale. Nikaenda."

Anasogeza mukono. Alimuona muzima, akamuacha.

Usiku nimelala kwenye mukeka wa mutoto.

Jumatatu, 15

Nimeenda hospitali. Yule aliyegongwa ni muntu wa Kiambi, wa makamo, miguu miwili imefungwa, pumzi inakwaruza. Muke wake anamupepea kwa kipande cha katoni. Ameniuliza: "Mama, wewe ni wa kanisa?" Nimesema ndiyo. Nimeacha ndizi, nimetoka. Mimi ni mwoga.

Jumanne, 16

Nimekataa kumaliza mulango. Papa Feza amechukua burashi mwenyewe. Amepaka nene juu ya kijivu, rangi imetiririka kama machozi ya mushumaa. Hata kipofu angeona.

Nimemuambia twende polisi pamoja.

"Na Feza atakula nini? Minerval ya shule atalipa nani?"

Mutoto wetu ana miaka tisa. Leo ameuliza kwa nini hatuongei.

Alhamisi, 18

Yule muntu amekufa alfajiri.

Nimemuambia Papa Feza. Amegeukia ukuta. Nimengoja mpaka saa nne, labda ataamka avae viatu. Hakuamka. Nimeenda polisi peke yangu. Nimesema yote, na habari ya musasa pia. Mikono yangu njo ilifuta ile rangi nyekundu. Wameandika. Hakuna aliyeniangalia usoni.

Wamekuja kumuchukua saa tisa. Hakukimbia. Feza alimushika shati mpaka kifungo kikakatika. Mama mukwe amesema mbele ya majirani wote: "Umeuza bwana yako." Gari wameliondoa pia.

Jumamosi, 20

Nimeenda matanga. Nimepiga magoti mbele ya muke wa marehemu, nimemuambia mimi ni nani. Aliniangalia sana. Nadhani alikumbuka ndizi.

"Ulikaa pale karibu yetu huku unajua," amesema. "Toka, Mama."

Nimetoka. Ana haki.

Jumatano, 24

Kule sokoni hawaniiti tena Mama Feza. Feza halali vizuri. Kuna saa namuchukia Papa Feza, kuna saa najichukia mwenyewe. Kazi ya rangi hakuna, nimeanza kuuza mihogo ya dada yangu.

Jumapili, 28

Nimepeleka bukari ya unga wa mihogo na visamaki vya ndagala gerezani. Mara tatu zilizopita alirudisha sahani bila kuigusa. Leo amekula, polepole, macho chini. Amekonda. Alipomaliza amenawa, amefuta mikono kwenye suruali. Ameuliza kama mvua imefika.

Nimesema bado. Mawingu tu, upande wa ziwa.

Amesema ardhi ya shamba letu itakuwa ngumu.

Nimesema ndiyo, ni ngumu.

Tumekaa hivyo mpaka askari akaniita.