Msalaba wa Skolastika

Jumapili, 12 Machi 1995

Eti mafundisho hayabadiliki! Leo padri mpya ametueleza kwamba watoto waliokufa kabla ya ubatizo, Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Baada ya misa nikamfuata katekista wetu, aliyetuamuru tumzike mwanangu Skolastika nje ya uzio wa makaburi, bila msalaba.

"Mama, nilifundisha nilichofundishwa."

"Sikulaumu, mzee. Nataka msalaba."

"Subiri kwanza tuulize parokia."

Nimesubiri miaka kumi na mmoja. Sijui kama padri atasimama upande wangu, na hilo linanitia hofu. Lakini seremala ameshaumaliza, na jina limechongwa. Kesho saa nne asubuhi nausimika. Anayetaka kuung'oa aje nikiwepo.