Kinundu cha Profesa

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Goti lako linaendeleaje?

Unajua kazi yetu huku: mesoni, chembe zinazozaliwa na kufa kabla hujapepesa jicho. Hatuzioni, tunaona kinundu tu kwenye mchoro. Rafiki yako Profesa alipata jina kwa kuonyesha kwamba kinundu kimoja ni mesoni mpya. Nimeirudia hesabu yake kila njia ninayoijua. Kinundu kipo, mesoni haipo. Kinajitokeza chenyewe pale nishati inapofikia kiwango cha kuzaa chembe mbili nyingine, tunazozijua siku zote.

Sijamwambia. Wewe ndiye uliyemwomba anipokee. Nifanyeje?

Mpwa wako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi, mengine shwari.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Hesabu siijui, mtu namjua. Shuleni tulilala chumba kimoja tukigombania blanketi. Mkewe alipofariki, mesoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Anastaafu Desemba. Ngoja. Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe.

Mjomba wako

30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, natumaini hamjambo nyote.

Nilingoja, nikashindwa. Profesa aliniletea makala mpya iliyosimama juu ya kinundu kilekile, akitaka niweke jina langu chini ya lake. Nikamfuata ofisini, nikafunga mlango, nikampa kurasa zangu. Alisoma akifuata mistari kwa kalamu. Katikati kalamu ikasimama. Akaniuliza kama wewe unajua. Nilimwomba radhi, naye akaelewa.

Aliandika juu ya kurasa zangu kwamba kazi iwasilishwe mbele ya idara, akatoka. Koti lake bado liko kitini. Tangu siku hiyo haji kazini. Tafadhali mtembelee.

Mpwa wako

14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima.

Nilikwenda. Alinifungulia mwenyewe, tukazungumza habari za mvua na bei ya mabati kama watu waliokutana kwenye foleni. Wewe hakukulaumu hata kidogo. Alisema hesabu yako ni safi. Nilipoinuka kuaga ndipo akasema, “Mtoto alinifuata akaniambia usoni. Wewe ulijua, ukaniacha nitembee uchi.”

Alinifungia mlango taratibu.

Wasilisha kazi yako, usipunguze hata mstari. Siku hiyo atakuja, ameniahidi. Mimi usitarajie kuniona.

Mjomba wako