Salamu Ndefu Zilizoangusha Mashine

Chuo cha Kompyuta,
Chanji, Sumbawanga.
12 Juni 2003

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepona na dagaa wanakauka vizuri, maana huku baridi ya Juni haina huruma. Mimi ni mzima kabisa, tena nina furaha inayonifanya nicheke peke yangu njiani. Uliuliza kama nimefaulu mtihani wa mwisho. Vuta subira, nitafika huko.

Hapa chuoni kompyuta zote zinategemea moja kubwa. Sisi wanafunzi tunaingia humo kama wageni wa sebuleni: unaandika, unachapa, basi. Mwenye mamlaka ya kufungua kila kitu, hata alama zetu, ni mwalimu Polikarp peke yake.

Mwezi uliopita nilikuandikia barua humo. Kila barua lazima uipe jina, na wewe ulinilea nisikatize salamu. Basi nikaiita barua ya kumsalimu mama, na baba mkubwa Evaristi, na shangazi Fransiska, na majirani wote wa Kirando, nadhani hata mbuzi niliwataja. Nilipoagiza ichapwe, programu ya kuchapa ikazimia. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Mimi nikashangaa, kwa sababu programu ile hufanya kazi kwa mamlaka ya mwalimu, na kumbe jina refu linaielemea. Nikaichokonoa siku nne kwa majina marefu zaidi. Siku ya nne ikaniachia mamlaka yote, mimi mgeni!

Nilikwenda kumwambia mwalimu. Akasema haiwezekani, mfumo huu umetengenezwa na wataalamu wa Ulaya. Nikamwonyesha. Akavua miwani, kisha akacheka kuliko wenzangu wote. Tuliwaandikia watengenezaji, nao wamejibu kwamba kosa ni la kweli, wameliziba, na jina langu wameliweka kwenye shukrani zao. Winifrida wa Kirando, mama! Mkuu wa chuo naye amenipa kazi ya kumsaidia mwalimu kulinda mashine, kuanzia Julai.

Sasa mtihani. Kuna jambo nililificha. Kabla sijaenda kwa mwalimu, nilifungua alama zangu. Hesabu nilipata thelathini na moja. Nikaigeuza sitini na moja. Niliitazama kwa muda, mama, ilipendeza mno. Kisha nikairudisha ilivyokuwa. Jana nilimweleza mwalimu nikiwa tayari kufukuzwa. Akasema kazi bado ni yangu, ila Hesabu nitarudia Novemba kama wengine.

Kwa hiyo, mama, nimefeli. Nimefeli kwa mkono wangu mwenyewe, na moyo wangu mweupe pe.

Jifunike vizuri usiku, na dawa uzimalize. Mungu akulinde mpaka tuonane Krismasi.

Mwanao akupendaye,
Winifrida