Ile ya Polepole Imeshinda

Dada Neema, shikamoo. Watoto hawajambo? Nipo Kirua Vunjo, juu ya Moshi. Baridi imenivalisha sweta mbili, lakini nimefurahi hata kukaa siwezi.

Unakumbuka zile programu mbili za kutafuta nyaraka nilizotumwa kuzilinganisha? Ofisini ile ya haraka ilishinda kila swali, na ripoti nilishaiandika. Jana tukazijaribu kwa picha za makaratasi ya zamani ya kamati ya mfongo, mfereji unaopeleka maji mashambani kwa zamu. Bibi mmoja, Mama Eliaichi, alitaka karatasi yenye zamu ya baba yake. Jirani yake, aliyekuja naye, anamwambia Jumamosi si siku yake, na migomba yake inakauka. Tarehe hajui, mwaka hajui. Alisema tu, "Ni pale mfongo ulipobomoka, wakapanga zamu upya."

Ya haraka ikamwaga kurasa chungu nzima, kila inayotaja maji. Ya polepole ilihangaika mpaka chai yangu ikapoa, ikaleta ukurasa mmoja, jina la baba yake na Jumamosi pembeni. Jirani akausoma mwenyewe, akakohoa, akasema, "Basi, Mama, kesho fungulia."

Mama Eliaichi akanigeukia. "Mwanangu, hiyo nyingine ilikuwa inakimbilia wapi?"

Ripoti naiandika upya, na swali lake litakuwa la kwanza. Wasalimie watoto, nawaletea mkungu wa ndizi alionipa. Leo Jumamosi, nakuandikia huku nikiyasikia maji yakiingia shambani kwake.

Mdogo wako akupendaye,
Tumaini